Bula Matari: Maisha ya Stanley na Maana ya Neno Ambatani

Katika Kiswahili cha Katanga wazee wanalijua neno Bulamatari. Kwao si jina la mtu. Ni Leta, yaani serikali: ile inayohesabu watu, inayotoza kodi, inayotuma askari na kufunga watu gerezani. Mwanafunzi wa lugha akiulizwa asili ya neno hilo, atajibu upesi kwamba ni neno ambatani la Kikongo: bula ni kuvunja, matari au matadi ni mawe, basi maana yake ni mvunja mawe. Jibu hilo ni sahihi, lakini linaacha swali kubwa bila kuguswa. Kuvunja mawe kuligeukaje kuwa serikali? Tena ilikuwaje neno hilo likaeleweka katika nchi ya Waluba, kuanzia Kamina hadi Kabondo-Dianda na Bukama, ambako jiwe huitwa dibwe na ambako msikilizaji asiyejua Kikongo hawezi kusikia jiwe lolote ndani ya matari?

Makala hii inajaribu kujibu swali hilo kwa kusimulia maisha ya mtu aliyelibeba jina hilo, Henry Morton Stanley. Hoja yetu ni moja: neno ambatani halibebi maana yake lenyewe. Linabeba vipande viwili tu, na maana kamili hutoka katika yale ambayo wasemaji wanayajua kwa pamoja. Ujuzi huo wa pamoja ukibadilika, maana nayo hubadilika, hata kama hakuna herufi iliyobadilishwa.

Kabla ya kuanza masimulizi, tutazame kidogo namna maneno hayo yanavyofanya kazi. Watunzi wa Lojban, lugha iliyoanza kwa jina hilo huko Marekani mwaka 1987 ikiwa tawi la Loglan ya James Cooke Brown, walitaka sarufi isiyo na utata wowote. Lakini hata wao walishindwa kuufukuza utata katika maana ya maneno mawili yanayowekwa pamoja. Ukisema cukta zdani, yaani buku kisha makao, sarufi inakuambia kwamba tunazungumzia makao ya namna fulani yanayohusiana na buku. Haikuambii uhusiano huo ni upi. Yaweza kuwa nyumba iliyojaa mabuku, nyumba ya mwandishi wa mabuku, au nyumba inayosimuliwa ndani ya buku. Mwambatano huo ulio wazi huitwa tanru. Wasemaji wakitaka maana moja tu, huunganisha vipande vifupi kuwa neno moja liitwalo lujvo, kisha hukubaliana juu ya maana yake. Neno muhimu hapo ni kukubaliana. Si umbo linaloleta maana ile moja, bali ni mapatano ya watu.

Kiswahili kinatuonyesha jambo hilo kila siku. Mpiga picha haipigi picha kwa fimbo, mpiga kura haitandiki kura, na mpiga maji si mtu anayeyachapa maji bali ni mlevi. Pwani, neno vunjajungu ni mdudu mwenye miguu ya mbele iliyokunjwa kama ya mtu anayeomba. Na vunja jungu pia ni karamu ya siku za mwisho kabla ya mfungo wa Ramadhani. Mtu wa Kamina aliyejifunza kitenzi vunja na nomino jungu darasani hawezi kuipata karamu hiyo kwa akili yake peke yake. Ni lazima mtu wa pwani amwelezee desturi. Kwa hiyo tunapofika kwenye Bula Matari, tusiishie kuuliza vipande vyake ni vipi. Tuulize pia: ni nani waliolisema, na walikuwa wakijua nini pamoja?

Mtoto aliyekuja kuitwa hivyo alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 mjini Denbigh, katika nchi ya Wales. Mama yake, Elizabeth Parry, hakuwa ameolewa, na mtoto aliandikwa kanisani kwa jina la John Rowlands, jina la mtu aliyetajwa kuwa baba yake. Babu yake mzaa mama alimlea kwa miaka michache, kisha akafa. Mwaka 1847, akiwa na umri wa miaka sita, mtoto alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Huko alikaa mpaka mwaka 1856. Alijifunza kusoma na kuandika, akajifunza pia kwamba jina lake ni alama ya aibu. Wale wote waliolijua walijua pamoja nalo habari ya kuzaliwa kwake. Huu ulikuwa muktadha wake wa kwanza, naye alitamani kuukimbia.

Mwaka 1859 alivuka bahari akiwa mfanyakazi wa melini, akashuka New Orleans, Marekani. Huko alijitwalia jina la mfanyabiashara wa pamba aliyeitwa Henry Hope Stanley. Baadaye alisimulia kwamba tajiri huyo alimfanya mwanawe. Watafiti waliochunguza maisha yake wanaitilia shaka habari hiyo. Lililo hakika ni kwamba kijana alijichagulia jina jipya mahali ambapo hakuna mtu aliyelijua la zamani. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani alipigana kwanza upande wa Kusini, akatekwa katika mapigano ya Shiloh mwezi Aprili 1862, akafungwa Chicago, kisha akajiunga na upande wa Kaskazini. Baada ya vita akawa mwandishi wa habari. Mwaka 1868 alifuatana na jeshi la Waingereza lililoivamia Ethiopia hadi Magdala, na habari zake zilifika kwenye gazeti la New York Herald kabla ya zile za waandishi wengine.

Mwenye gazeti hilo, James Gordon Bennett mdogo, ndiye aliyemtuma amtafute David Livingstone. Stanley alifika Zanzibar mwezi Januari 1871. Msafara wake uliondoka Bagamoyo ukiwa na wapagazi na askari, wengi wao Wangwana waliosema Kiswahili, ukapita Tabora wakati wa vita vya Mirambo, na kabla ya mwaka huo kwisha ukafika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Salamu aliyodai kumpa Livingstone siku ile inajulikana dunia nzima, hatuna haja ya kuirudia. Tunalopaswa kuona ni kwamba safari hiyo yote ilikwenda kwa Kiswahili. Amri, bei ya vyakula, hongo kwa watemi, majina ya mito, yote yalipita katika lugha hiyo. Kutoka pwani hadi Ujiji njia ya biashara ilikuwa imekwisha kuwapa watu ujuzi wa pamoja. Neno kama hongo halikuhitaji kufafanuliwa. Kila mtemi na kila mpagazi alijua hesabu yake.

Safari ya pili ilimtoa katika ujuzi huo. Alianza tena Bagamoyo mwezi Novemba 1874, akiwa na mamia ya watu na mashua iliyobebwa vipande vipande. Alizunguka Ziwa Victoria, akakaa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akapigana na watu wa kisiwa cha Bumbire, akazunguka Ziwa Tanganyika, kisha mwishoni mwa mwaka 1876 akafika Manyema. Huko alipatana na Tippu Tip amsindikize. Kutoka Nyangwe alianza kuufuata mto Lualaba kuelekea kaskazini. Ni mto ule ule unaopita Bukama, upande wetu wa kusini. Wakati huo Wazungu hawakujua kama unaishia katika Naili, katika Niger au katika Kongo.

Chini ya Nyangwe Kiswahili kilipungua nguvu siku baada ya siku. Ngoma zililia ukingoni na watu wa msafara hawakujua zinasema nini. Mitumbwi ilitokea yenye watu wengi wanaoimba, na waliokuwa ndani ya mashua hawakuwa na njia ya kujua kama wimbo ni wa kukaribisha au wa vita. Stanley alikuwa mwepesi wa kujibu kwa bunduki, na kwa hesabu yake mwenyewe mapambano yalifika makumi. Wengi waliuawa kwenye kingo za mto. Katika maporomoko ya mwisho mto nao ulidai watu: Kalulu, kijana aliyekuwa naye tangu safari ya kwanza, alizama mwaka 1877, na miezi michache baadaye akazama Frank Pocock, Mzungu wa mwisho aliyebaki pamoja naye.

Mahali paitwapo Mowa, kwa masimulizi ya Stanley, wenyeji walimwona akiandika na wakaona maandishi yale ni uchawi wa kuwaharibia nchi. Walimtaka achome karatasi zake. Daftari lile lilikuwa na ramani na habari zote za safari, hivyo akatoa badala yake kitabu cha Shakespeare kilichofanana nalo kwa jalada, kikachomwa mbele ya watu, na amani ikarudi. Kisa hicho ni chake na tukipokee kwa tahadhari. Lakini kinaonyesha kwamba alitambua jambo muhimu: alama haina nguvu yenyewe, nguvu yake iko katika yale ambayo watazamaji wanaamini juu yake. Tarehe 9 Agosti 1877 mabaki ya msafara yaliingia Boma, wakiwa na njaa na maradhi. Stanley aliwapeleka Wangwana waliosalia kwa meli hadi Zanzibar, akizunguka kusini mwa Afrika.

Uingereza haikutaka kuichukua nchi ya Kongo. Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliitaka. Mwaka 1878 alimpata Stanley, na mwaka uliofuata Stanley alirudi Zanzibar kuandika watu, wengine wakiwa wale wale wa safari ya mto. Mwezi Agosti 1879 alikuwa kwenye mlango wa mto Kongo. Kazi aliyopewa ilikuwa kujenga vituo na njia. Mto haupitiki kwa meli katika maporomoko kati ya pwani na lile bwawa kubwa ambako Kinshasa ipo sasa, kwa hiyo meli ndogo zilipaswa kufunguliwa vipande na kuburutwa juu ya milima. Kituo cha kwanza kilikuwa Vivi, ng'ambo ya mahali ulipo mji wa Matadi leo. Jina la mji huo lenyewe ni mawe. Kila aliyefika pale anajua kwa nini: milima imekauka, miamba imesimama wima mpaka majini.

Ili kusawazisha uwanja wa Vivi na kukata barabara ya zaidi ya kilomita 80 kwenda Isangila, ilibidi miamba ivunjwe. Stanley alieleza kwamba machifu wa hapo walimwona akiwaonyesha wafanyakazi namna ya kushika nyundo kubwa na kupasua jiwe, wakampa jina la Bula Matari. Masimulizi mengine yanataja baruti iliyopasua miamba kwa kishindo. Kwa vyovyote, neno lilizaliwa mbele ya tendo. Aliyelitamka na aliyelisikia walisimama wote kwenye mlima mmoja, wakiyaona mawe yale yale na vumbi lile lile. Ujuzi wa pamoja ulikuwa kamili, na vipande viwili vilitosha.

Hapa tulitazame umbo la neno. Bula ni mzizi wa kitenzi, matari ni nomino ya wingi. Hakuna kiambishi cha mtenda, hakuna wakati, hakuna kinachosema mawe ni ya nani. Kiswahili kikilitafsiri kinalazimika kuongeza m- ya mtu: mvunja mawe. Kwa hiyo tafsiri yetu inasema zaidi ya neno lenyewe, tena inasema jambo ambalo si kweli kabisa. Nyundo hazikushikwa na mtu mmoja. Zilishikwa na Wazanzibari waliojiandikisha kwa mshahara, na watu wa pwani ya magharibi, na wenyeji waliolipwa vitambaa. Wengi wao walikufa kwa homa na uchovu kabla barabara haijafika Isangila mwaka 1881. Waliokuwapo Vivi hawakuhitaji kuambiwa hayo, waliyaona. Lakini neno lilipoondoka Vivi, wale watu wengi walibaki nyuma na jina likaenda na mmoja.

Jambo jingine linathibitisha kwamba vipande peke yake havitoshi. Jina hilo lilikuwapo Kongo karne tatu kabla ya Stanley. Katika kitabu cha Filippo Pigafetta kilichochapwa Roma mwaka 1591, kutokana na habari za Mreno Duarte Lopes, anatajwa mkubwa mmoja wa ufalme wa Kongo aitwaye Francisco Bulamatari, aliyewapinga mapadre walipokataza kuoa wake wengi. Kitabu hicho kinalifasiri jina lake kuwa mdaka mawe, si mvunja mawe. Kwa nini aliitwa hivyo? Neno halisemi. Waliojua sababu hawapo, na vipande viwili vimebaki kama mlango usio na nyumba.

Kutoka Isangila Stanley alipanda mpaka kwenye bwawa kubwa. Huko alikutana na Ngaliema, mfanyabiashara hodari wa pembe za ndovu, wakachanjana damu, wakagombana, wakapatana tena. Kituo cha Léopoldville kilianzishwa. Meli ndogo ziliunganishwa upya, na mwishoni mwa mwaka 1883 Stanley alifika kwenye maporomoko ya Boyoma, ambayo wakati huo yalipewa jina lake. Njiani yeye na maofisa wake walikusanya mikataba mingi. Machifu waliweka alama ya msalaba kwenye karatasi za lugha za Ulaya, wakapokea vitambaa na vinywaji. Upande mmoja ulifahamu kwamba umenunua ardhi na mamlaka milele. Upande wa pili, kwa desturi yake, ulimpokea mgeni akae na afanye biashara. Hapo palikosekana ujuzi wa pamoja kuliko mahali popote, na hapo ndipo hasara ilipokuwa kubwa kuliko zote. Mikataba hiyo ilitumiwa na Leopold kupata kutambuliwa na mataifa wakati wa mkutano wa Berlin, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885. Stanley alikuwapo akiwa mshauri wa wajumbe wa Marekani. Mwaka 1885 Nchi Huru ya Kongo ikatangazwa, na mwenyewe alikuwa Leopold.

Stanley alikuwa ameondoka Kongo mwaka 1884, lakini jina lake halikuondoka. Wenyeji wa mto wa chini waliwaona Wazungu wengine wakikaa katika vituo vile vile, wakitoa amri zile zile, wakasema kwamba nao ni Bula Matari. Ofisa alikuwa Bula Matari, askari alikuwa mtu wa Bula Matari, na mwishowe serikali yenyewe ikawa Bula Matari. Wanaisimu wanajua njia hii: jina la mtu linakuwa jina la cheo, kisha la taasisi. Lakini tazama kilichotokea ndani ya mwambatano. Kadiri Leta ilivyodai mpira, pembe na wapagazi, na kadiri askari wa Force Publique walivyochoma vijiji na kuchapa watu kiboko, ndivyo kuvunja kulivyopata maana nyingine. Mawe ya Vivi yalisahauliwa. Kilichobaki ni kuvunja: nguvu ambayo hata jiwe haliwezi kuishindana nayo, sembuse mtu.

Stanley mwenyewe alirudi mara moja zaidi. Mwaka 1887 aliongoza msafara wa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la kusini la Sudani. Huko Zanzibar alimwandikia Tippu Tip mkataba wa kuwa gavana wa Leta kwenye maporomoko ya Boyoma, kisha akapita msitu wa Ituri. Kikosi cha nyuma alichokiacha Yambuya kiliangamia kwa njaa, maradhi na ukatili wa maofisa. Alifika Bagamoyo na Emin mwezi Desemba 1889. Alikuwa ameivuka Afrika tena, kwa gharama ya mamia ya maisha.

Kusini mwa Katanga yetu Stanley hakukanyaga kamwe. Aliyekuja alikuwa ofisa wake. Kapteni William Stairs, aliyekuwa naye katika msafara wa Emin, aliongoza msafara kutoka pwani ya mashariki mpaka Bunkeya, kwa mfalme Msiri. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na kuuawa, na bendera ya Leta ikapandishwa. Wapagazi wa msafara huo walitoka pwani, watu wa Kiswahili. Baada yao Kiswahili kiliendelea kukua Katanga katika kambi za askari, katika migodi ya Union Minière iliyoanzishwa mwaka 1906, na katika kazi ya reli iliyofika Bukama mwaka 1918 na kupita Kamina kwenda Ilebo, ambako ilifunguliwa mwaka 1928. Katika Kiswahili hicho ndimo neno Bulamatari lilimofikia.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mluba aliyelisikia neno hili kwa mara ya kwanza hakuwa na kipande hata kimoja. Mawe kwake ni mabwe. Mtu wa pwani naye, akisikia matari, angeweza kufikiri ngoma ndogo zinazopigwa kwa mkono, kwa sababu ndiyo maana ya tari na matari katika Kiswahili. Hata katika Lingala, ambako neno husikika kama mbula-matari, mbula ni mvua au mwaka, na asiyejua asili anaweza kusikia mvua ya kitu fulani. Kwa upande wa umbo, neno lilikuwa limekufa. Kwa upande wa maana, halikumpa shida mtu yeyote. Waluba walilielewa kwa yale waliyokuwa wakiyajua pamoja: karani wa kodi, mwandikaji wa vibarua wa migodini, askari wa bunduki. Walilielewa pia kwa habari ya mfalme Kasongo Nyembo, aliyepigana na Leta kwa miaka mingi, akakamatwa mwaka 1917, akapelekwa uhamishoni mbali kaskazini, na asirudi tena kutawala. Watu walioishi nyakati hizo hawakuhitaji kamusi.

Mtu wa jina hilo alimaliza siku zake katika heshima. Tarehe 12 Julai 1890 alimwoa Dorothy Tennant katika kanisa la Westminster Abbey, London. Aliingia Bunge la Uingereza mwaka 1895 na kukaa humo mpaka 1900. Mwaka 1899 alipewa cheo cha Sir. Walimlea mtoto wa kiume aitwaye Denzil. Mapema mwaka 1904 serikali ya Uingereza ilichapisha ripoti ya konsuli Roger Casement juu ya mateso ya watu wa Kongo chini ya Leopold. Tarehe 10 Mei mwaka huo huo Stanley alikufa London. Alitaka azikwe Westminster karibu na Livingstone, lakini mkuu wa kanisa hilo alikataa. Alizikwa kijijini Pirbright, kusini magharibi mwa London.

Mke wake alitafuta jiwe kubwa la matale ambalo halijachongwa na watu, likapatikana katika nyanda za Dartmoor na kusimamishwa juu ya kaburi. Juu yake yameandikwa majina yake ya Kiingereza, miaka yake, jina la bara la Afrika, na Bula Matari. Kwa mjane huyo neno lilikuwa sifa safi: mume shujaa aliyefungua njia. Hakudanganya. Alikuwa na muktadha wake, ule wa vitabu vya mumewe, na ndani yake hapakuwa na kodi wala kiboko. Katika mwaka ule ule, kwa neno lile lile, watu wa mto Kongo walikuwa wakitaja kitu wanachokikimbilia porini. Neno moja, maana mbili, na hakuna kosa la lugha upande wowote.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 majina ya Stanley yalifutwa katika ramani yetu. Mwaka 1966 Stanleyville ikawa Kisangani. Bwawa lake sasa ni Malebo, maporomoko yake ni Boyoma, na mlima wake wa Kinshasa umepewa jina la Ngaliema, yule ndugu yake wa damu. Jina la nyumba ya maskini lilitupwa na mwenyewe, jina la Marekani liliondolewa na taifa. Jina lililobaki katika vinywa vya watu ni lile alilopewa na wenyeji, na kwa sababu walikuwa wamekwisha kuliondoa kwake na kulipa kitu kingine, hakuna aliyeona haja ya kulifuta.

Kwetu sisi tunaojifunza lugha kuna kazi ndani ya habari hii. Anayeandika kamusi ya Kiswahili cha Kongo akiweka Bulamatari, kisha mbele yake mvunja mawe, basi, amechagua muktadha wa Vivi na wa kaburi la Pirbright, na ameuacha ule wa watu waliolitumia neno kwa vizazi vitatu katika Katanga. Akiweka serikali peke yake, ameuficha ule mlima na wale wapagazi wenye nyundo. Kidahizo cha haki kingetaja vyote kwa mpangilio: kwanza tendo na mahali, kisha mtu, kisha wakubwa wake, kisha Leta, na kila hatua iandikwe ni watu gani walisema hivyo na walikuwa wakipatwa na nini.

Kazi hiyo haifanyiki maktabani tu. Wazee wa Kamina, Bukama na Kabondo-Dianda waliozaliwa wakati wa Wabelgiji wanazidi kupungua, na pamoja nao unaondoka ujuzi unaolifanya neno hili lieleweke. Vipande viwili vitabaki, kama vilivyobaki vile vya Francisco Bulamatari katika kitabu cha 1591. Kama hatutawauliza mapema wanaolijua, wajukuu wetu watalisoma neno hili na kuona mawe tu.